Lenzi Ndefu ya Milka

Kitendawili, wajukuu zangu! Nina jicho moja, halina kope wala machozi, lakini likiugua wanalia watu...

Mmeshindwa? Ni lenzi ya kamera. Sasa nisikilizeni mimi Perez niwaambie ilivyoniliza.

"Umenizikia mtoto mara ya pili!"

Milka alinirushia picha zote usoni, ndani ya studio yake pale Kibuye. Thelathini na sita! Zikatapakaa sakafuni.

Nikaokota moja. Jeneza dogo, na pale uso wa Elsie ulipotakiwa kuwa... ukungu mweupe tu.

Elsie alikuwa mtoto wake wa pekee, miaka saba. Malaria ilimchukua haraka. Milka alipiga picha watoto wa Kisumu nzima, lakini wa kwake kila siku, "Tutampiga kesho." Picha aliyobaki nayo ni ya ubatizo, mtoto amefunikwa shali mpaka kwenye nyusi.

Kwa hiyo mazishi yale yalikuwa nafasi ya mwisho. Mfiwa atashikaje kamera? Akaniita mimi, mwanafunzi wake. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza!

Niwarudishe nyuma wiki mbili tu. Ni mwaka wa 1991.

Nilikuwa na kamera kuukuu, haina lenzi. Milka akaniwekea mbili mezani. Moja fupi, safi, lakini ningeuza nyanya miezi miwili zaidi ndipo niifikie. Nyingine ndefu kama mkono wa mtoto, na bei yake nusu!

"Chukua ndefu," akasema. "Na hii fupi watu wataona unacheza. Kwa matanga wanapisha lenzi ndefu, si umeona mwenyewe?"

Kweli yawa! Kwetu, mwenye lenzi ndefu alifunguliwa njia mpaka kwenye jeneza, hata mbele ya mashemeji.

"Na haina shida?"

"Wee Perez, kwani mimi ni mwizi?" Akacheka.

Nikachungulia, nikaona ukuta wa jirani, nikalipa. Nilidhani kuchungulia kunatosha!

Basi, siku ile picha ziko sakafuni, mume wake Zadock akachukua lenzi yangu. Akaimulika kwa tochi kutoka nyuma.

"Njoo uone," akaniambia.

Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kuvu! Unyevu wa ziwa ulikuwa umeingia humo zamani.

"Ulitoa wapi kitu hii?"

"Kwa bibi yako."

Mimi nikamgeukia Milka.

"Milka... ulijua?"

Alipiga magoti akaanza kuokota zile picha, moja moja, akizipanguza kwa leso kana kwamba ukungu ungetoka.

Tangu siku hiyo akiniona sokoni anavuka barabara. Mimi nikarudi kwa nyanya, nikanunua fupi, nikala kwa hiyo fupi miaka mingi.

Wajukuu, mkianza na pesa kidogo, nunueni lenzi moja fupi iliyo safi. Imulikeni kwa tochi kabla hamjalipa, hata kama anayeuza ni rafiki. Na msinunue kitu ili watu wawapishe njia. Mimi nilipishwa, nikafika mpaka kwenye jeneza, nikapiga ukungu.

Mwaka wa 1998 Milka alikuja kwangu Nyamasaria. Amekonda, nywele nyeupe. Nikamwekea chai, hakuigusa.

"Uliniuliza kitu," akasema.

"Nilikuuliza."

"Nilijua, Perez. Hata ulipoinama juu ya mtoto wangu na ile lenzi, nilijua. Ile fupi safi ilikuwa kwa kabati, ndani ya hiyo hiyo nyumba ya matanga. Nikasimama niende nikuletee... halafu nikaona ukiishika tu, utaniuliza kwa nini. Nikakaa."