Bunduki ya Kazi Zote

Watu wa kwetu, sogeeni karibu, na mwenye muguka mdomoni, yale majani yenu ya kutafuna, ateme kwanza, maana leo nimekasirika na sitaki kukatizwa. Mimi ni Gladys, Mama Njuki mnayemjua, na shamba langu limepakana na la Ndwiga huku chini Mbeere. Haya ninayosimulia sikuambiwa na mtu. Niliyaona.

Asubuhi za Januari kwa Ndwiga zilikuwa tamu. Ndengu zimeanza kukauka na kuwa nyeusi, mahindi yamebeba vizuri, na mkewe Lydiah, mama wa binti yao Linda, ameketi juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti cha kulindia shamba, anachambua mboga huku akiimba nyimbo za kwaya. Chini yake amelala mbwa wao Tosha, sikio moja limesimama. Nyani wakichungulia tu kutoka kwenye majabali, Tosha anabweka, Lydiah anapiga debe, na wao wanageuza matako yao mekundu wanarudi walikotoka. Mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba ile mpaka mvua nyingine. Lydiah alijua hivyo, na alilinda kila bua.

Sasa, siku moja dume moja la nyani lilimvizia Ndwiga akiwa amesimama shambani kwake. Likavunja hindi, likakaa juu ya kichuguu, likala likimtazama usoni. Basi! Mwanamume akaona ametukanwa. Akaja mpakani kwangu kwa hasira.

"Mama Njuki, hii dharau imetosha. Natafuta bunduki."

"Bunduki ya nini na mbwa unaye?"

"Moja tu, ya kazi zote. Nyani, nguruwe mwitu, nyati, hata ndovu akipotea njia aje huku. Moja, na nimemaliza."

Nilicheka, nikadhani ni hasira za asubuhi. Kumbe ni ugonjwa ulikuwa umemwingia.

Tangu siku hiyo Ndwiga hakushika jembe. Asubuhi utampata kwenye benchi la bucha ya Gachoki, jioni wameshahamia kwake, yeye na Gachoki na kijana Munene wa bodaboda, mashavu yamefura muguka, wanachagua bunduki. Wanachagua! Bunduki yenyewe haipo, lakini wanagombana juu ya mtutu mrefu na mfupi, risasi nene na nyembamba, kitako cha mti na cha plastiki. Munene alikuwa na video kwenye simu. Gachoki, kwa sababu anajua kupasua mifupa ya ng'ombe, alijiona profesa.

"Chukua ndogo," Gachoki anasema. "Nyani si mnyama mkubwa."

"Na nyati akikuja, mzee?" Munene anauliza. "Utamrushia mawe?"

"Nataka kubwa," Ndwiga anakata shauri. "Kubwa inafanya kazi ya ndogo. Ndogo haiwezi kufanya ya kubwa."

Wote wakaitikia kwa vichwa kama wamesikia neno kutoka madhabahuni. Jamani! Sufuria ya kupikia harusi unaweza kuchemshia chai ya mtu mmoja, lakini utaunguza kuni za wiki nzima. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na hawa walikuwa wanachagua huku nyani wakivuna.

Jioni moja nilikuwa hapo nikirudisha ungo niliokuwa nimeazima. Lydiah aliwaletea uji wa mawele, akasimama, akauliza kwa heshima kabisa.

"Mnisamehe, wazee. Hiyo kubwa, ikikosa nyani, inaenda kusimama wapi?"

Wakaangua vicheko.

"Mama, hiyo inaenda mbali sana!" Munene akasema. "Hiyo ndiyo raha yake!"

"Baba mkwe aliwinda kwa upinde," Lydiah akaendelea. "Aliniambia mwindaji wa Kimbeere harushi mshale ambao hawezi kwenda kuuokota. Sasa risasi, Baba Linda, utaiokota wapi?"

"Mama Linda, mambo ya mishale yalikwisha na wazee," Ndwiga akajibu. "Rudi jikoni."

Alirudi. Wao wakarudia mtutu wao mrefu na mfupi. Swali lake nimelifikiria sana tangu siku ile, na kila nikilifikiria napandwa na hasira upya.

Ndwiga alienda Embu kuulizia kibali. Akaambiwa wazi kwamba kuwinda kulipigwa marufuku nchi hii zamani, yeye akiwa bado hajazaliwa, na kwamba bunduki haitolewi ya kutishia nyani. Akapewa namba ya simu ya watu wa wanyamapori, apige wakisumbua. Unafikiri alipiga? Ng'o! Alirudi akisema serikali inapenda nyani kuliko watu, akamtafuta binamu yake Mutembei, wa kule Nkubu, aliyewahi kulinda ranchi za wazungu. Mutembei alisema ana bunduki mbili na vibali vyake. Bunduki tuliziona baadaye. Vibali hakuna aliyeviona mpaka leo.

Na sikilizeni ujinga wenyewe sasa. Kabla hata Mutembei hajafika, Ndwiga alimfunga Tosha kamba akampeleka ng'ambo ya kijito, akampa jirani yetu Gedion bure. Dungu akalibomoa, miti yake ikawa kuni. "Mwenye bunduki," alisema, "anafuga mbwa wa nini?" Lydiah akabaki chini na debe lake, akikimbia kutoka pembe hii ya shamba hadi ile. Nyani walimzoea. Akiwa huku, wao wako kule. Sauti ilimkauka, hata kwaya akaacha. Nusu ya mahindi ilikwenda hivyo, na mwenye shamba yuko benchini anajadili darubini ya kulengea.

Siku aliyofika Mutembei, jua limeshapanda vizuri, nilikuwa napalilia mihogo yangu Lydiah akapita.

"Mama Njuki, nimeamua. Naenda kwa Gedion nimwombe Tosha. Baba Linda akikasirika akasirike, hii nusu iliyobaki siwaachii."

"Nenda," nikamwambia. "Hata mimi ningeenda."

Akateremka kuelekea kijitoni. Nilipomaliza matuta mawili, nikamwona Ndwiga anaingia shambani na Mutembei. Mutembei alikuwa na bunduki zote mbili ndani ya gunia. Moja ndogo, nyembamba. Nyingine kubwa, nzito, aliyosema ingeangusha nyati.

"Kwa nyani tumia hii ndogo," Mutembei akamshauri. "Hiyo nyingine ni hatari, majirani wako karibu."

Ndwiga hakuitazama ile ndogo mara mbili. "Nipe ya kazi zote."

Na lile dume lilikuwa pale pale juu ya kichuguu, linatafuna. Nyuma ya kichuguu hakuna mlima wala ukuta. Ni bonde tu, kijito, na mteremko wa upande wa pili, nyumba ya Gedion na kijia chekundu cha kuteremkia. Nikamwita, "Ndwiga, ngoja! Huko ng'ambo kuna watu!" Sijui kama alinisikia. Akafyatua.

Masikio yangu yalilia. Yeye mwenyewe aliangushwa na kile kishindo, akakaa chini kwa makalio. Nyani? Nyani aliruka akaenda zake, tena na hindi lake mdomoni.

Kisha tukasikia ng'ambo mbwa analia, na sauti ya Gedion ikavuka bonde: "Woi! Woi! Ndwiga, ni mke wako! Ni Mama Linda!"

Nilikimbia mbio ambazo magoti yangu yameshasahau. Tulimkuta kwenye kijia chekundu, kamba ya mbwa bado ameizungusha mkononi, Tosha amelala ubavuni pake hataki mtu asogee. Risasi ilikuwa imepita kwenye paja na kuvunja mfupa. Tulimfunga kwa leso yangu, tukambeba kwa blanketi la Gedion mpaka barabarani. Munene ndiye aliyetafuta gari, analia kama mtoto. Mutembei tulipogeuka hakuwepo, wala gunia lake.

Hospitalini walimwokoa Lydiah. Mguu pia waliuokoa, ila goti halikunjiki tena, na dungu hatapanda maisha yake yote. Nilikuwa kando ya kitanda Ndwiga alipoletwa kumwona, polisi amesimama mlangoni. Alipiga magoti, akaanza kueleza habari za nyani na jinsi bunduki ilivyomrusha. Lydiah alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akaushika mkono wa mumewe, akauweka juu ya bandeji.

"Nilikuuliza inaenda kusimama wapi," akasema. "Ni hapa."

Ndwiga aliinuka. Polisi alimchukua, na kesi yake bado inaendelea. Sisi tuliporudi kutoka hospitali tulikuta hakuna hindi hata moja lililobaki shambani. Nyani walimaliza, wakaacha mabua yamelala.

FUNZO

Wenzangu, sisemi nyani wasifukuzwe. Wafukuzeni! Fugeni mbwa, jengeni dungu, lindeni kwa zamu na jirani, pigeni ile simu. Lakini mtu asiache kinga aliyo nayo kwa kusubiri ile anayoiota. Na chombo kinachodaiwa kufanya kazi zote, mkiulize kwanza ile kazi ambayo hamkukituma. Zaidi ya hayo yote, mke wako akiuliza swali mbele ya wazee, mjibu. Msipokuwa na jibu, wekeni hiyo bunduki chini.

Tosha amerudi nyumbani. Gedion alimleta mwenyewe, na mvua iliyofuata tulijenga dungu jipya mpakani, mimi na Linda na wanawake wa kwaya. Lydiah huketi chini yake kwenye kiti, mguu ameunyoosha mbele, anapiga debe. Nyani wakichungulia, wanarudi.