Jimbo la Watu Gani?

Munyiva alikuwa na ng'ombe mmoja tu, lakini alimtunza kama malkia. Kila asubuhi alimkatia nyasi za nepia kwenye kingo za matuta. Alimkamua, akambakishia ndama wake kidogo, kisha akabeba maziwa hadi barabarani. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko, si mbali na soko la Kangundo. Juu palikuwa na kahawa, chini mahindi na maharagwe.

Mumewe Nzuki alimtania kwamba kama yeye angekuwa ng'ombe, angepata chai mapema. Munyiva alimjibu kwamba ng'ombe haulizi maswali mengi. Hivyo ndivyo walivyoishi, kwa kazi na utani, mpaka ile jioni binti yao alipoleta habari.

Binti huyo aliitwa Mueni. Alikuwa amesomea mambo ya maziwa, naye alifanya kazi katika chama cha ushirika. Jioni hiyo aliwaambia wazazi wake kwamba chuo kimoja kidogo cha Marekani kimemkubali. Angesoma huko miaka miwili, ajifunze kutengeneza jibini, kisha arudi kuanzisha kazi hiyo hapa kwao. Karo ingelipwa na chuo chenyewe.

Nzuki alisimama akampa bintiye mkono. Munyiva aliuliza ni Marekani ya wapi.

"Ni jimbo la Vermont, Mwaitu," Mueni akasema. Wakamba humwita mama yao hivyo.

Munyiva akaweka sufuria chini.

"Jimbo la watu gani?"

Mueni hakuelewa. Akasema ni jimbo la Wamarekani.

"Wamarekani gani? Jimbo iko na wenyewe. Na wewe si wao."

Nzuki alielewa upesi, kwa maana walikuwa pamoja siku ile. Zamani walikuwa wakiishi Likoni, kule Pwani, ambako Nzuki alikuwa fundi seremala. Walipofika walikuwa wageni kabisa. Jirani yao, mama mmoja mwenyeji, aliwaletea maji na nazi. Siku ya tatu alimletea Munyiva jembe, akacheka, akamwambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Munyiva alilipenda neno hilo. Alilima mihogo pale kwa miaka mingi. Binti yake alizaliwa palepale, akamwita Mueni, maana yake kwa Kikamba mgeni.

Kisha ukafika mwaka wa tisini na saba. Siku hizo wanasiasa walisema sana habari za majimbo, kila kabila likae kwake. Karatasi zilitupwa usiku milangoni, zikiwaambia watu wa bara warudi kwao. Vijana wenye mapanga walifika. Yule mama jirani aliwaficha jikoni kwake, huku nyumba yao ikiungua. Asubuhi walivuka feri bila kitu mkononi. Tangu hapo, mtu akitaja jimbo, Munyiva alisikia harufu ya makuti yanayoungua.

Kwa hiyo alikataa. Nzuki alimbembeleza, hakusikia. Katibu wa ushirika alikuja kumweleza kwamba Marekani ni nchi tajiri. Munyiva alimpa chai, akamwambia hata Likoni palikuwa na matajiri.

Kwa Wakamba, mtoto haendi safari ndefu kabla mzazi hajamtemea mate kidogo kifuani na kumtamkia baraka. Mueni alisema waziwazi kwamba bila baraka ya mama yake hataondoka. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Munyiva zaidi. Chuo kilitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Munyiva alijua kwamba akinyamaza tu, nafasi itapita, na mtoto atabaki salama. Alijua pia kwamba mtoto atabaki na kitu moyoni.

Basi Kahin akaja kununua yule ndama. Kahin alikuwa Msomali mfanyabiashara wa mifugo, mwenye boma lake Machakos mjini, na Nzuki alikuwa amemuuzia fahali na mbuzi miaka mingi. Nzuki alimweleza shida ya nyumbani. Kahin akasema dada yake Ruqiya anaishi Vermont hiyohiyo. Kazi yake huko ni kuwapokea wageni wapya na kuwafundisha maisha ya mahali. Wakati huo alikuwa amekuja kumwona mama yao.

Ruqiya alifika Jumamosi, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi. Alimsalimu Munyiva kwa Kikamba safi, kwa sababu alizaliwa na kusomea Machakos. Munyiva alimkaribisha akae. Kabla chai haijamiminwa, akamuuliza lile swali lake.

Ruqiya hakuharakisha kujibu. Alieleza kwanza kwamba Marekani ina majimbo hamsini. Kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na sheria zake za shule na barabara. Lakini sheria haisemi kwamba jimbo fulani ni la kabila fulani. Mtu akitoka jimbo moja akahamia lingine, hapo ndipo kwake, na hakuna mwenye ruhusa ya kumwambia arudi alikotoka.

"Mama, hii neno jimbo imetuharibikia hapa kwetu," akasema. "Huko ni mpaka tu wa utawala. Si ua wa boma la mtu."

Munyiva akauliza kama hapo hapakuwa na wenyewe hata zamani.

Ruqiya akasema walikuwako. Wanaitwa Waabenaki, na waliishi kwenye milima hiyo kabla Wazungu hawajafika. Wengi walisukumwa wakaondoka, na wachache bado wapo.

"Kwa hivyo hata huko kuna waliofukuzwa."

"Wapo, mama. Siwezi kukudanganya."

Munyiva alimtazama mgeni wake upya. Wote waliotangulia walikuwa wamemsifia Marekani tu. Huyu wa kwanza kumwambia ubaya wake ndiye aliyemfanya asogeze kiti karibu.

Ruqiya akaendelea. Vermont iko kaskazini mashariki, inapakana na Kanada. Ni jimbo dogo la mashambani. Jina lake latokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya mlima wa kijani, na kweli milima yake imejaa misitu. Watu wa jimbo zima hawafikii watu wa wilaya ya Machakos. Mji mkuu wenyewe una watu wasiofika elfu kumi.

"Hiyo ni mji mkuu ama ni soko?" Nzuki akauliza.

Ruqiya akasema hata yeye alipofika aliuliza mji uko wapi, na kumbe alikuwa amesimama katikati yake. Hakuna magorofa marefu. Kuna ng'ombe, maziwa na jibini, na wakulima wanaolalamika bei ya maziwa kama wa Kangundo. Kuna pia mti unaotoa maji matamu. Baridi inapokaribia kwisha, watu hutoboa tundu dogo kwenye shina, wakakinga maji hayo, wakayachemsha mpaka yawe mazito kama asali. Munyiva aliuliza kama mti haufi. Akaambiwa ukitobolewa vizuri hutoa kila mwaka, kama ng'ombe asiyekamuliwa kwa pupa.

Mwezi wa tatu, watu wa kila mji mdogo hukutana ukumbini. Huzungumzia barabara zao na pesa za mji, kisha hupiga kura palepale. Nzuki akasema hilo ni baraza la chifu. Ruqiya akacheka. Akasema katika baraza chifu husema na watu husikiliza, lakini huko wakubwa ndio wanaokaa wakiulizwa maswali.

Kisha akaeleza ugumu. Theluji huanguka miezi mingi, na siku za baridi jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Watu weusi ni wachache sana, kwa hiyo Mueni atatazamwa dukani. Wengine watamuuliza anatoka wapi, tena na tena. Baadhi ni wema, wengine hawana haja naye. Wazee wa huko hata humkatalia Mzungu mwenzao kuitwa mwenyeji, ikiwa babu yake hakuzaliwa hapo.

"Wako na methali yao," Ruqiya akasema. "Paka akizalia ndani ya oveni, watoto wake hawawi mikate."

Munyiva alicheka mpaka akashika tumbo. Nzuki hakuwa amemsikia akicheka hivyo kwa wiki mbili. Lakini kicheko kilipokwisha, macho yake yalikuwa na machozi.

"Mimi nilipewa jembe," akasema. "Nililima. Na bado walinifukuza. Sasa huyu nilimwita Mgeni, nimtume tena akakuwe mgeni?"

Ruqiya aliweka kikombe chini.

"Mama, mimi nimezaliwa hapa Machakos. Lakini sisi Wasomali wa hapa tulichujwa, tukapewa kadi ingine juu ya kitambulisho, ya kuonyesha kweli ni Wakenya. Hiyo swali ya wewe ni wa wapi, naijua. Sijui kama kuna mahali haiulizwi. Mimi huangalia kitu moja tu: mtu akiniuliza, sheria iko upande wake ama iko upande wangu? Huko iko upande wangu."

Munyiva alimfikiria yule mama wa Likoni aliyewaficha jikoni. Moyo wake ulikuwa mwema, lakini hakuwa na sheria ya kuwakinga, alikuwa na mlango tu. Kisha akasema Mueni akiandikie chuo kwamba anakwenda.

Nzuki alileta koti zito alilonunua kwenye mitumba, amwonyeshe Ruqiya. Ruqiya aliligeuza, akasema hilo ni la mvua. Alishauri Mueni avae nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine, na anunue koti na viatu vya theluji hukohuko, kwa sababu baridi ya kule huanzia miguuni. Zaidi ya yote, afikapo abishe hodi kwa majirani, asingoje kubishiwa.

Siku ya kuondoka, Munyiva alimsimamisha Mueni mlangoni. Alimtemea mate kidogo kifuani, mara moja, akamwombea njia iwe nyeupe, isiyo na baya. Mueni aliinama mpaka mama yake alipomaliza.

Baada ya wiki mbili simu ya Nzuki ililia. Mtandao ulipatikana vizuri juu kwenye kahawa tu, kwa hiyo Munyiva alipanda matuta akiishikilia simu sikioni na kuita, "Ngoja, ngoja." Alipofika juu, sauti ya Mueni ilikuja wazi. Alikuwa amefika salama. Theluji ilikuwa imefika magotini. Alikuwa amebisha hodi nyumba ya pili, akamkuta mzee mmoja anayeishi peke yake. Mzee alimtazama tu, akamwambia asante, akafunga mlango.

Munyiva aliibana simu sikioni.

"Halafu?"

"Halafu siku nyingine theluji ilianguka usiku kucha, Mwaitu. Asubuhi nikasikia mlango. Nikafungua, ni yeye. Ameleta beleshi ya kuzoa theluji. Hakusema mengi. Alinionyesha njia ya kutoka kwangu hadi barabarani, akasema hii ni yako."

"Hiyo ilikuwa siku ya ngapi tangu ufike?"

Mueni akahesabu.

"Ya tatu."

Munyiva aliketi chini kwenye tuta. Aliuliza Mueni alifanya nini na hilo beleshi. Mueni akasema alizoa njia yake, kisha akazoa na ya mzee, kwa sababu mgongo wake unauma.

Simu ilipokatika, Munyiva alishuka polepole. Nzuki alikuwa akimngoja kando ya zizi, naye aliuliza mtoto amesema nini.

"Amepewa jembe," Munyiva akasema.

Nzuki alijua uzito wa neno hilo. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na siku wakibadilika?"

"Hiyo siku atajua njia ya kuja nyumbani. Lakini leo analima."

Kisha akachukua ndoo, kwa sababu ng'ombe alikuwa ameanza kulia.