Nailoni Chini ya Koti

Mchana, jua likiwa kali, mwanamke asiyejulikana alipiga hodi kwenye nyumba ya fundi cherehani. Mke wa fundi aliweka chini shati alilokuwa akilishonea vifungo, akaenda kufungua. Akamkuta mgeni amemshika mumewe kiunoni. Mumewe naye amemwegemea mgeni begani, macho yamelegea.

"Huyu ni wako?" mgeni aliuliza.

"Ni wangu. Ila sikujua kama tuko wawili."

Mgeni alicheka. Alisema yeye ni muuguzi na alikuwa anatoka kazini. Alimkuta fundi ameketi kando ya barabara, ana kizunguzungu na kichwa kinamuuma.

Walimlaza karibu na dirisha. Muuguzi alimvua koti zito. Chini ya koti kuna kitu kiling'aa. Fundi alikuwa amejizungushia nailoni tumboni, ile ile anayofunikia suti za wateja zisishike vumbi.

"Haya, mume wangu," mkewe alisema taratibu. "Umefungwa kama suti ya bwana harusi. Unapelekwa wapi?"

Fundi alieleza kwa aibu. Daktari alikuwa amemwambia presha yake imepanda, asikae kwenye cherehani kutwa nzima, afanye mazoezi. Tena mbio za akina baba wa mtaani zilikuwa zinakaribia. Jirani yao seremala, aliyemshinda mwaka uliopita, alikuwa akimwita Mto wa Kochi. Fundi alitaka tumbo liishe haraka. Alidhani jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Ndiyo maana alikimbia mchana, tena bila kunywa maji.

Muuguzi alimpangusa kwa kitambaa chenye maji, akampepea, akampa maji anywe kidogo kidogo. Alisema jasho ni maji ya mwili, si mafuta. Maji yakipungua, moyo hupata kazi ngumu. Kama fundi angeanza kuchanganyikiwa au kuzirai, ingebidi akimbizwe hospitali.

"Basi mazoezi yamekwisha," mke alisema. "Nataka mume, sitaki bingwa."

"Asiache, dada. Moyo wake unayahitaji. Abadilishe saa na nguo tu."

Muuguzi aliwaeleza bila haraka. Msimu wa joto, mtu afanye mazoezi alfajiri au jioni, avae nguo nyepesi zinazopwaya, anywe maji kabla, katikati na baadaye. Aanze polepole, kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea. Siku ya joto kali zaidi abaki ndani, apige hatua palepale alipo au acheze muziki. Akisikia kizunguzungu au kichefuchefu, asimame papo hapo. Na kabla ya mbio amwone daktari wake.

Mgeni alipoondoka, mke alimshika fundi mkono. "Niahidi. Jua likiwa kali hukimbii, hata akucheke nani."

"Nakuahidi."

Fundi alijishonea shati pana la pamba. Kila alfajiri walitoka wawili, mke amebeba chupa ya maji. Mwanzoni fundi alihema kabla ya kufika kona. Baadaye alikwenda hadi sokoni na kurudi, huku akimsimulia mkewe vituko vya wateja. Presha ilishuka. Daktari akamruhusu kuingia kwenye mbio.

Mbio zilipangwa kuanza alfajiri, lakini mgeni rasmi alichelewa. Alipofika na kumaliza hotuba yake, lami ilikuwa inachoma. Fundi alikuwa mstarini. Miguu yake ilikuwa myepesi, na alijua safari hii seremala hamwezi. Akamtazama mkewe kati ya watu. Mkewe alikuwa ameshika chupa ya maji.

Fundi alitoka mstarini, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta.

"Mto umerudi kwenye kochi," seremala alisema, na watu wote wakacheka. Fundi aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Firimbi ilipolia, wenzake wakaondoka. Mkewe alikuja kukaa kando yake.

"Ungemshinda," alisema.

"Ningemshinda."

Mke alimpa chupa ya maji. Fundi akanywa.

Jioni, jua lilipozama, walitoka wawili wakapita njia yote ya mbio. Hakukuwa na firimbi wala makofi. Fundi alifika mwisho akiwa bado anasimulia.