Viatu Vilivyogonga Wodini

Kila siku baada ya masomo, Gundi alivua sare, akala chakula alichowekewa mezani, kisha akakimbilia chumba cha mbele ambako baba yake alitengeneza viatu. Jina la Gundi hakupewa na wazazi. Alilipata mtaani, kwa sababu vidole vyake havikukosa gundi hata siku moja, na madaftari yake ya shule yalinatana kurasa. Mwenyewe hakulichukia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na tayari alijua kushona soli, kupigilia kisigino na kung'arisha ngozi mpaka ukaona meno yako ndani yake.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye harufu ya ngozi na nta. Chini ya dirisha palikuwa na meza fupi iliyochanjwachanjwa na visu, na ukutani zilining'inia kalibu za mbao zenye umbo la mguu, kubwa kwa ndogo.

"Kazi ya kulipua siitaki humu," baba alipenda kusema.

Gundi aliyashika sana maneno hayo. Kwake yeye, kiatu bora kilikuwa kigumu, kisichoisha upesi, chenye mshono ulionyooka. Hakuona kama kulikuwa na jambo jingine la kuuliza.

Siku moja baba alikwenda kununua ngozi, akamwachia Gundi chumba. Akaingia nesi wa wodi ya watoto, mama mpole mwenye sauti ya chini, amebeba viatu vyeupe vilivyolika soli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

"Ametoka kidogo. Lakini hata mimi ni fundi."

Nesi akatabasamu. "Haya, fundi. Nibadilishie soli. Niwekee laini kama hizi za zamani, tafadhali."

Alipoondoka, Gundi aliibonyeza ile soli ya zamani. Ikabonyea kama mkate. "Ndiyo maana imekwisha," akajisemea. Akaamua kumfanyia nesi wa watu jambo ambalo hakulitarajia. Alikata soli kutoka kwenye mpira mgumu kuliko yote iliyokuwa rafuni, akaishona kwa uzi uliopakwa nta, kisha akapigilia kibati cha chuma kwenye kila kisigino ili kisilike.

Baba aliporudi alikuta kazi imefika mwisho. Akakigeuza kiatu kimoja mkononi. "Mshono umenyooka kweli. Ndivyo alivyotaka mwenyewe?"

"Ndiyo, baba," Gundi akajibu bila kuinua uso.

Moyoni hakujiona kuwa anadanganya. Alijiona anamtendea mtu wema. Na kesho yake nesi alipopita mbio kuwahi zamu, akaona viatu vinang'aa, akashukuru na kuvitia mkobani bila kuvijaribu, Gundi alivimba kichwa. Jioni nzima alipiga mluzi.

Wiki haikuisha, nesi akarudi. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimefungwa bandeji. Alivitoa viatu mkobani akaviweka juu ya meza polepole, kama mtu asiyependa kuudhi.

"Fundi, viatu ni vizuri kuvitazama," alimwambia baba. "Lakini vinagonga. Nikipita kati ya vitanda, watoto wanaamka. Nikavivua, nikawa natembea na soksi. Sakafu yetu haikauki kwa kupigwa deki, basi nikateleza. Namshukuru Mungu sikuvunjika."

Baba aliweka nyundo chini. "Pole sana, mama. Uliagiza soli hizi?"

"Niliomba laini."

Baba akamtazama binti yake. Gundi alihisi masikio yanawaka moto. Angeweza kusema alisahau. Neno hilo lilimfika ulimini, akalimeza.

"Aliniambia laini, baba. Nikaona ngumu ni bora, nikaziweka. Uliponiuliza, nikakudanganya." Kisha akamgeukia nesi. "Nisamehe, mama. Umeumia kwa sababu yangu."

"Nimekusamehe," nesi akasema. "Ila kesho baada ya chakula cha mchana njoo na baba yako wodini. Nataka uone viatu vyangu vinafanya kazi wapi."

Kesho yake walikwenda. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vidogo pande zote mbili, mapazia yamefungwa nusu. Watoto walikuwa wamelala. Kwenye kitanda cha mwisho palikuwa na mtoto aliyeungua maji ya moto, amefungwa kifua chote. Nesi alinong'ona kwamba mtoto huyo usingizi ulikuwa ukimpa tabu, maana kila akijigeuza anaumia. Sasa alikuwa amelala, mdomo wazi.

Mgeni mmoja akapita ukumbini, visigino vyake vikigonga sakafu. Ko, ko, ko. Mtoto alishtuka, akajigeuza, akaanza kulia. Nesi alimwendea, akamfuta jasho, akamwimbia kwa sauti ya chini. Ilichukua muda mrefu kabla kilio hakijapungua. Gundi alisimama ameshika mkono wa baba yake kama mtoto mdogo, asijue aangalie wapi.

Walipofika nyumbani Gundi alikaa mezani, akafumua mshono wake wote mwenyewe. Alichagua mpira laini wenye mifereji, akaushona. Hakuridhika. Alimwaga maji kwenye sakafu ya jikoni, akavaa vile viatu vikubwa, akatembea huku na huku mpaka mama yake akauliza kama nyumba imekuwa kiwanja. Havikuteleza, wala havikusikika.

Nesi alipokuja, baba alimwachia Gundi aongee.

"Mama, soli hizi hazitadumu kama zile ngumu. Zitakwisha mapema zaidi."

"Ziishe," nesi akasema. Alivivaa papo hapo, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Hapakusikika kitu. "Zikiisha nitakuletea wewe."

Kabla nesi hajafika mbali, akaingia mpagazi wa sokoni, amebeba viatu vilivyotoboka chini. Gundi alikuwa na mpira laini mkononi. Safari hii aliuweka pembeni kwanza.

"Kaka, unatembea wapi na viatu hivi?"

Mpagazi alishangaa kuulizwa. "Juu ya kokoto, dada. Na gunia mgongoni. Nataka kitu kisichotobolewa na jiwe. Sura sina shida nayo."

Gundi akamwekea mpira uleule mgumu, na vibati vilevile alivyovibandua kwenye viatu vya nesi. Mpagazi alivijaribu barabarani. Ko, ko, ko.

"Vinapiga kelele kidogo," Gundi akasema kwa wasiwasi.

"Ndiyo nzuri," mpagazi akajibu. "Watu wasikie, wanipishe njia."

Akaenda zake akicheka. Gundi akabaki amesimama mlangoni.

"Baba, sasa soli bora ni ipi?"

Baba alivuta kigoda, akamkalisha karibu.

"Mshono wako ulikuwa mzuri tangu mwanzo, mwanangu, na uwe hivyo kila siku, hata pale mteja asipopaona. Hilo ni deni la fundi. Lakini ubora hauishii mezani kwetu. Mwingine anataka kiatu kidumu, mwingine kipendeze, mwingine kisimwamshe mgonjwa. Wewe ulipima kwa unavyopenda wewe, ukamsahau mwenye miguu. Muulize kwanza. Ukiona anachotaka hakimfai, mwambie wazi, mzungumze. Usimwamulie kimyakimya, na ukikosea usinifiche. Soli mbovu nitaibandua, lakini neno la uongo sina kisu cha kulibandulia."

Gundi aliitikia kwa kichwa. Nje, mama mmoja alikuwa anainama kuingia, mtoto mgongoni, ndala iliyokatika mkononi. Gundi alisimama, akampisha kigoda akae.

"Karibu, mama," alisema. "Hebu niambie, unapenda iweje?"