Sauti Iliyokosa Msomaji

Kwa jina la Mola aliyemfinyanga mtu kwa udongo, akamwumba jini kwa moto usio na moshi, kisha akatia pazia baina yao, naanza. Asili ya kisa hiki si pango wala kaburi. Ni darasa la wanafunzi thelathini na tisa na riwaya moja ya kisayansi.

Mwalimu wa fasihi alikuwa na desturi ya kuwagawia wanafunzi wahusika, kila mmoja akasoma maneno ya mhusika wake kwa zamu. Riwaya ya mwaka ule ilisimulia wanaanga waliofika kwenye nyota iliyozimika, wakasemeshwa na Sauti isiyo na mwili. Wahusika wote wakapata wasomaji, isipokuwa Sauti, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache na hakuna aliyeitaka. Mwalimu akacheka, akakigeukia kiti kitupu cha nyuma.

"Basi wewe uliyekaa hapo, Sauti ni yako."

Ulimi hauna mfupa. Siku ya kwanza alipopita kukusanya madaftari, alikigusa kiti kile akakikuta na joto, kana kwamba mtu ameinuka punde. Siku ya pili ilikuja harufu ya chuma kilichoungua, ilhali madirisha yalikuwa wazi. Siku ya tatu Sauti ilisoma.

Ilisoma kwa sauti ya binti wa mwalimu mwenyewe, mmoja wa wanafunzi wale. Binti huyo, ambaye wenzake walimwita Kasuku kwa kutojua kufunga kinywa hata mbele ya mwalimu mkuu, alikuwa safu ya mbele, midomo ameifumba. Na sauti yake, ile iliyomwamsha mwalimu, mamaye, kila alfajiri kwa maswali, ikatoka nyuma ya darasa, taratibu, ikisema yasiyokuwamo kitabuni, ikiwaita wanafunzi mmoja mmoja kwa majina ya mama zao, hata chaki ikamponyoka mwalimu na watoto wakakimbilia mlangoni wakikanyagana. Kasuku akafumbua kinywa amwite mamaye. Halikutoka neno.

Daktari alichungulia koo, akaliona zima. Mwalimu mkuu alisema ni woga wa mtihani, akaongeza kwamba kwa miaka yote aliyomjua mtoto yule, hakutazamia kuletewa malalamiko ya ukimya wake. Siku saba binti alizungumza kwa kalamu. Siku ya nane mkono nao ukafa ganzi, na mama akaenda kwa mjomba wake, mtu wa kisomo, akaanguka miguuni pake.

"Mfukuze jini huyo, mjomba," alinong'ona.

"Hakuvamia, mwanangu. Ulimpa kazi mwenyewe. Wa namna hiyo hafukuzwi, hupokonywa kazi, na anayepokonya ni yuleyule aliyetoa."

"Nitampokonya."

"Nafasi haitabaki wazi. Lazima Sauti uisome wewe, na atakayeisoma hatasema lingine baada yake."

"Na mwanangu?"

"Atarudishiwa chake."

"Basi yanatosha."

Adhuhuri, shule ikiwa tupu, mjomba alisimama mlangoni akisoma aya, binti akaketi mbele, na mwalimu akafungua kitabu kando ya kile kiti, akatamka kwamba amemvua kazi aliyemo kitini, anasoma yeye. Hapo sauti ya mwanawe ikaanza kulia kutoka kitini, ikimwambia, "Mama, unaniacha na nani? Mama, nyamaza, naumia," sauti aliyoitamani siku nane nzima, nayo kila alipofika nukta ikazidi kumsihi, na kurasa zikamuunguza vidole, naye akaendelea kusoma huku machozi yakilowesha maandishi, asiinue macho, mpaka neno la mwisho.

Kasuku akakohoa.

"Mama, nina kiu."

Mama akamkumbatia, akafungua kinywa amjibu. Mjomba akainamisha uso.

Tangu siku hiyo mwalimu hufundisha kwa chaki peke yake, na mwanafunzi akiuliza swali, Kasuku husimama kumsemea.

Nanyi mliotega sikio, Mola azilinde ndimi zenu na za wana wenu, awafikishe majumbani salama, na kila mnayemwita aitike kwa sauti yake mwenyewe. Amina.