Kiganja cha Mhandisi

Taa ya kisomamoyo iliwaka nyekundu hata kabla Bwana Semboja hajamaliza kusema kwamba wageni ni baraka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Semboja akaondoa mkono kwenye kioo cha mashine utadhani ameungua.

"Mashine mbea hii!"

"Haisengenyi mtu," akajibu Mhandisi Zuhura Chambo. "Inasoma mapigo ya damu na jasho la ngozi. Ulimi hupamba maneno, Bwana Semboja. Ngozi haiwezi."

Yeye ndiye aliyeiunda. Jiji la Mrima Mpya lilikuwa limefurika; mitambo ya kufuma nyumba ilifuma ghorofa usiku na mchana, na bado watu walilala kwenye korido. Sasa walikuwa wamekuja watu wa visiwa vilivyomezwa na bahari. Kila jengo lilipaswa kuamua kama litawapa ghorofa yake mpya ya juu, na Zuhura alikuwa amechoshwa na mikutano ya watu wanaosema "karibuni" ukumbini, kisha wakitoka nje wanawatemea wageni mate. Ndiyo maana leo kura ilipigwa kwa kiganja: kijani kukubali, nyekundu kukataa.

Mbele alisimama Sittina, msemaji wa wageni, mtoto mgongoni. Wakikataliwa hapa, wangerudi kwenye mahema ya ufukweni, na mafuriko yalikuwa yamekaribia.

Kijani. Nyekundu. Nyekundu. Kijani. Mwishowe kura zikalingana, akabaki mkazi mmoja tu ambaye hajasomwa.

"Na wewe unaishi humu humu, Bi Mhandisi," Semboja akasema. "Weka mkono."

Zuhura akasogea kwa kujiamini. Si yeye aliyewapigania hawa tangu mwanzo? Akabandika kiganja kwenye kioo, akamtazama Sittina, na moyoni akasema: karibuni. Lakini papo hapo akaiona sebule yake, mwanawe Kheri na mkewe mjamzito wamelala chini, wakiisubiri ghorofa hiyo hiyo.

Taa ikawaka nyekundu.

Safari hii hakuna aliyecheka. Zuhura alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Imekosea," akasema. "Nitaipima upya. Sittina, mwanangu, wallahi mimi..."

Sittina alikaza kanga iliyombeba mtoto, akaokota mfuko wake.

"Haijakosea, mama. Kwetu nilikuwa na vyumba vitano, na waliokimbia bahari kabla yetu walipokuja kuniomba kimoja, niliwafungia mlango. Ila mimi hapakuwa na taa ya kuniumbua."