Mlango Usiobembelezeka

Mlango-mpambanuzi ulimchoma Dk. Atupele kidole, ukaonja tone la damu, ukasema kwa adabu, "Tumbili. Tafadhali rudi bandani."

"Rudi wewe!" Atupele akaupiga teke. Nyuma yake tumbili waliacha kula wakamtazama.

Aliusomesha mwenyewe. Miaka mingi alilinganisha vipokezi vya kingamwili, vile vishikizo vidogo vya seli vinavyodaka askari wa mwili, vya binadamu na vya tumbili, hadi mlango ukaweza kuwatofautisha kwa tone moja. Homa ya banda hili huua binadamu; tumbili haiwaumizi, lakini wanaibeba. Kwa hiyo tumbili hatoki. Mlango hauna macho, wala kitufe cha kumpendelea mtu. Atupele ndiye aliyekikataa kitufe. Alisema watu wanabembelezeka.

Kisha tumbili mmoja akamng'ata. Dawa ya kingamwili inayowalinda tumbili haikumsaidia, maana vipokezi vya binadamu vina umbo tofauti kidogo na kingamwili zile ziliteleza. Akiwa mahututi humo humo ndani, alijichoma sindano ya kubadili vinasaba, akapata vipokezi vya tumbili. Alipona. Furaha yake iliishia mlangoni.

Nje ya kioo cha banda alisimama mumewe Gervas, fundi wa kituo, na nyundo mkononi.

"Sogea, mama Suma. Navunja."

"Ukivunja, na hawa watatoka."

"Basi niusomeshe upya, ukukubali."

"Ukinikubali mimi umewakubali wote. Kwa kile unachopima, hatuna tofauti tena." Atupele akashusha sauti. "Halafu, baba Suma, mimi siumwi. Na wao hawaumwi."

Gervas alielewa. Akaiweka nyundo chini polepole.

"Unaibeba?"

"Sijui. Mlango unaweza kuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniua."

"Basi naingia mimi. Unichome hiyo sindano, tukae wote humo." Akabandika kidole. Mlango ukaonja.

"Binadamu. Unaruhusiwa kuingia."

Atupele alitaka aingie. Alitaka mno, mpaka akajionea aibu.

"Suma atalala na nani?" aliuliza.

Kidole cha Gervas kilibaki pale. Kisha akakiondoa, akageuka kabla mkewe hajamwona machozi.

"Kwaheri, binadamu," mlango ukamuaga. "Karibu tena."